Siku Moja Materuni: Maporomoko, Kihamba na Kahawa ya Kutwanga

Materuni ni kijiji cha Uru, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, pale vihamba vya Wachaga, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, vinapokaribia kugusana na msitu wa mvua. Kutoka Moshi mjini ni kama kilomita 15 tu, ila ni kilomita za kupanda mfululizo, na ukishuka garini unakuta hewa nyingine kabisa: baridi, unyevu, harufu ya migomba na moshi wa kuni. Msimu wa wageni ukifika, magari ya kampuni za utalii hupanda huko kila asubuhi. Waliomo wengi wametoka Ulaya na Marekani. Mtanzania wa Dar, Tanga au Dodoma aliyekuja Moshi kwa harusi au msiba anaondoka ameuona mlima kupitia kioo cha basi, basi.

Mwongozo huu nimemwandikia huyo, pamoja na mkazi wa Moshi anayesema ataenda siku moja. Nianze na ushauri mkubwa kuliko yote: usiende kwa ajili ya maporomoko peke yake. Watu wengi hukimbia kwenye maji, wakapiga picha, wakageuza gari saa sita mchana. Maporomoko ni mazuri kweli, lakini kilichofanya maji hayo yafike pale, na kilichowafanya watu waishi pale kwa vizazi, kipo kwenye kihamba na kwenye msitu ulioko juu yake. Tenga siku nzima.

1. Chagua msimu kabla ya kuchagua tarehe

Upande wa kusini ndio unaopata mvua nyingi kuliko pande nyingine za Kilimanjaro. Kwenye ukanda wa msitu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Masika huanza Machi na kwenda hadi Mei, na miezi hiyo udongo wa Uru unakuwa utelezi mtupu. Gari dogo linakwama, njia ya miguu inateleza, na ukungu unaweza kuyafunika hata hayo maporomoko uliyoyafuata. Kwa mwenye watoto, Aprili siishauri kabisa.

Januari na Februari ni kukavu na mlima huonekana vizuri, hasa alfajiri. Juni hadi Oktoba pia ni miezi mizuri, ila Julai na Agosti kuna baridi na mawingu ya kukaa chini kutwa. Mimi ningechagua Septemba au Oktoba, na sababu ni kahawa. Uvunaji wa Kilimanjaro huanza karibu Julai na kuendelea hadi kwenye Desemba, kwa hiyo katikati ya kipindi hicho unakuta matunda mekundu mtini na unaweza kuchuma mwenyewe. Ukienda Februari utaonyeshwa kahawa iliyokwisha kukauka, na hatua ya kwanza utasimuliwa tu.

Wiki ya mwisho ya Desemba ina utamu wake na taabu yake. Wachaga wamerudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, kuna ubatizo, kipaimara na harusi, kijiji kimechangamka kuliko wakati wowote. Lakini magari yamejaa, barabara nyembamba za Uru zina foleni, na vijana wanaoongoza wageni nao wana sherehe kwao. Ukitaka siku hizo, ongea nao mapema.

Jumamosi ndiyo siku ya vikundi vikubwa. Jumapili asubuhi watu wengi wako kanisani. Siku za katikati ya wiki zina utulivu.

2. Amua: kifurushi au kujipeleka

Njia ya kwanza ni kununua kifurushi cha kampuni ya utalii mjini Moshi. Kwa kawaida kinajumlisha usafiri, kiingilio cha kijiji, mwongoza wageni, chakula cha mchana na onyesho la kahawa. Faida yake ni kwamba hupigi hesabu tena. Ubaya wake ni kwamba bei nyingi zimepangwa kwa dola na kwa kumfikiria mgeni wa nje. Sema mapema kuwa wewe ni Mtanzania au mkazi, maana kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni, na bei ya kifurushi inapaswa kushuka kwa tofauti hiyo. Beba kitambulisho cha NIDA. Mkenya au Mganda naye aulize kama kuna kiwango chake, kabla ya kulipa.

Kabla hujatoa hela, uliza mambo manne: kiingilio kimo? Chakula kimo, na kinapikwa na nani? Kahawa tutafanya kwa familia ipi, na familia hiyo inalipwa kiasi gani kwa kila mgeni? Tutakuwa watu wangapi kwenye gari? Swali la tatu ndilo watu hawaliulizi, na ndilo linalokuonyesha unaongea na kampuni ya namna gani. Anayelipa vizuri huko juu atakujibu bila kigugumizi. Na usimlipe mtu wa kukuvizia barabarani au stendi, hata akikuonyesha picha nzuri namna gani kwenye simu.

Njia ya pili ni kujipeleka. Daladala za Uru zinatoka mjini Moshi. Muulize kondakta kama gari linafika Materuni kwenyewe, kwa kuwa nyingine huishia chini na kukuachia mlima wa kupanda kwa miguu. Muulize pia gari la mwisho la kurudi linaondoka saa ngapi, na jibu lake ulichukulie kwa uzito. Mkiwa watatu au wanne, teksi ya siku nzima inafaa zaidi: kubalianeni bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, yote kwa pamoja, kabla ya kuwasha gari. Bodaboda inafika, lakini miteremko ni mikali, na mvua ikinyesha mkiwa huko ni hatari kushuka nayo.

Mtu anayejipeleka anaweza kupata mwongoza wageni palepale kijijini. Kwa anayejua Kiswahili hii ndiyo njia ninayoipenda, maana maongezi yanakuwa yenu wenyewe, na fedha yako inaishia kijijini.

3. Vya kubeba

Viatu kwanza. Raba zenye meno au buti nyepesi. Ndala na viatu vya kanisani viache hotelini. Vaa suruali ndefu na soksi, na mkikuta msafara wa siafu njiani ingiza suruali ndani ya soksi na kuvuka haraka, bila kusimama kuwaangalia.

Moshi mjini kunaweza kuwa na joto kali wakati Materuni watu wamevaa masweta, kwa kuwa kijiji kiko karibu maradufu ya mwinuko wa mji. Beba sweta, koti jepesi la mvua hata kama mbingu ni safi, nguo ya kubadilisha na taulo kama utaingia majini. Kwa wanawake, kitenge au kanga mbili zinamaliza kila kitu: kubadilishia nguo, kukalia, kujifunika baridi. Nguo zilizolowa uziweke kwenye mfuko mbadala au wa nguo, si wa nailoni. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Maji ya kunywa lita moja na nusu kwa kila mtu, na kitu kidogo cha kutafuna. Hela taslimu, tena za noti ndogo. Usitegemee kupata mashine ya benki huko juu, na chini bondeni mtandao wa simu hukatika, kwa hiyo malipo ya simu yafanyie kijijini.

4. Panda mapema

Toka mjini saa moja asubuhi, ikichelewa sana saa mbili. Vikundi vya kampuni hufika kati ya saa nne na saa sita, na ukiwa umetangulia utayakuta maporomoko yana watu wachache. Sababu nyingine ni mawingu: asubuhi ndiyo saa ya kuuona mlima. Ukikaa upande wenye dirisha linalotazama kaskazini, kuna kona ambapo kilele cha Kibo hujitokeza juu ya migomba, halafu hupotea tena. Kufika saa nne mara nyingi umefunikwa.

5. Jiandikishe kijijini

Mkifika, mnaandika majina kwenye kitabu cha wageni na kulipa kiingilio. Dai risiti. Sisemi hivyo kwa kumshuku mtu. Ni kwamba fedha iliyoandikwa ndiyo kijiji kinaweza kuihesabu na kuuliza imefanya kazi gani.

Chukua mwongoza wageni hata kama njia inaonekana wazi. Unapita kwenye mashamba ya watu, katikati ya nyumba zao, na kuwa na kijana wa hapo ni sawa na kubisha hodi. Mwambie pale mwanzo kwamba huna haraka, na kwamba unataka akueleze mimea na mifereji. Asipoambiwa, atakupeleka kwa mwendo wa wageni wenye haraka, na anao mwendo huo kwa mazoea.

Kama mmekuja na mzee mwenye magoti mabovu au mtoto mdogo, huu ndio wakati wa kugawana. Kwenda maporomoko ni mwendo wa dakika arobaini na tano hadi saa nzima, na kurudi ni kupanda. Mzee anaweza kubaki kwenye nyumba ya kahawa, akakaa na wenyeji wa rika lake, na wengi waliobaki hivyo huondoka wakiwa na hadithi nyingi kuliko waliokwenda majini.

6. Njiani: tembea taratibu, hapa ndipo penye mambo

Njia inaanzia katikati ya vihamba. Mtu aliyezoea mashamba ya tambarare atadhani anapita msituni, kwa kuwa haoni shamba lililonyooka. Simama utazame kwa ngazi. Juu kabisa kuna miti mirefu iliyoachwa makusudi kwa kivuli, mbao na majani ya mifugo. Chini yake migomba. Chini ya migomba, kahawa. Chini ya kahawa, magimbi, maharage, viazi vikuu na mboga. Pembeni kuna banda la ng'ombe mmoja au wawili wasiotoka nje, wanaletewa majani na magogo ya migomba yaliyokatwakatwa, na samadi yao inarudi kwenye migomba. Eneo lisilozidi uwanja mdogo wa mpira linalisha nyumba nzima mwaka mzima. Shimbwe Juu, pia ya Uru, ilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2011 kuwa eneo la urithi wa kilimo duniani kwa ajili ya mfumo huuhuu wa kihamba.

Kati ya kihamba na kihamba utaona mstari wa mmea wenye majani marefu membamba ya kijani. Hilo ni isale. Linaonyesha mpaka, linapandwa kwenye makaburi ya ukoo, na aliyekosana na mwenzake huchukua jani lake kwenda kuomba msamaha. Aliyeletewa isale akakataa kusamehe, jamii nzima inamtazama vibaya. Usilichume kwa ajili ya picha.

Utavuka pia mfereji mdogo, pengine upana wa hatua moja, maji yakikimbia kimya kandokando ya mteremko. Huo ni mfongo. Koo za Wachaga zilichimba mifereji ya aina hii zamani sana kabla ya Wajerumani kufika, zikiyatoa maji mtoni huko juu na kuyatembeza kwa kufuata umbo la mlima hadi mashambani, na maji yakagawanywa kwa zamu: wewe siku hii, jirani siku ile. Mwombe mwongoza wageni akuonyeshe mahali pa kufungia na kufungulia. Mara nyingi ni jiwe, udongo na shina la mgomba tu, na kazi inafanyika. Usioshe viatu hapo, wala usiruhusu mtoto atupe karatasi. Kuna anayeyatumia hatua mia chini yako.

Kuna kitu kimoja watu wengi wanakiamini kuhusu maji haya nacho si sahihi: kwamba yanatoka kwenye barafu ya kileleni. Barafu inachangia kidogo mno. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya Kilimanjaro inatoka kwenye msitu, kutokana na mvua inayonyesha humo na ukungu unaonaswa na majani na mimea midogo iotayo kwenye magome ya miti, ukadondoka ardhini tone kwa tone. Maji hayo hushuka tambarare na hatimaye kuungana na Mto Pangani, ambako yanazungusha mitambo ya umeme. Kwa hiyo anayekata mti huko juu anagusa taa ya mtu wa Tanga. Tangu 2005 msitu wa mlima umewekwa chini ya Hifadhi ya Taifa, na kupita mpaka wake juu ya kijiji kunahitaji kibali. Njia ya maporomoko haikupeleki huko. Usimshawishi kijana akupitishe.

Ukikutana na mzee, shikamoo kwanza, maongezi baadaye, na picha ni baada ya kuomba. Watoto wengine wataomba pipi au hela. Usiwape. Si uchoyo: mtoto anayepata shilingi kwa kusimama njiani hana sababu ya kwenda darasani. Kama una kitu cha kutoa, muulize mwongoza wageni shule iko wapi, ukaonane na mwalimu. Na kijana akikuletea kinyonga mwenye pembe mbili ili akutembee mkononi, mtazame akiwa kwenye tawi lake na umwombe amwache hapo.

7. Kwenye maporomoko

Utasikia kabla ya kuona. Bonde linabana, njia inakuwa nyembamba upande mmoja ukiwa na ukuta na mwingine ukiwa na shimo, halafu pembeni ya mwamba maji yanatokea, yakishuka makumi ya mita kwa mkupuo mmoja. Upepo wake unakulowesha ukiwa bado mbali. Simu ifute mara kwa mara, na picha ya watu wote ipigieni nyuma kidogo, kwenye mawe makavu.

Maji ni baridi sana. Unaweza kuingia, lakini ingia polepole, baki pembeni, na usisimame chini ya mkupuo wenyewe, kwani mawe na magogo hudondoka nayo. Mawe yenye kijani yanateleza kuliko sabuni. Asiyejua kuogelea aishie magotini. La muhimu kuliko yote: mvua inaweza kunyesha huko juu msituni wakati ninyi mko kwenye jua. Ukiona maji yamebadilika rangi na kuwa ya udongo, au sauti imeongezeka ghafla, tokeni na mpande mara moja, mizigo baadaye.

Nusu saa hadi dakika arobaini zinatosha. Kurudi ni kupanda, kwa hiyo kunywa maji kabla hujaanza, na mwenye pumzi fupi ndiye atangulie ili wote mwende kwa mwendo wake.

8. Chakula

Ukirudi kijijini una njaa ya kweli. Omba cha kwao. Machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, au mtori kama kuna baridi, au kiburu cha ndizi na maharage kwa asiyekula nyama. Mboga iwe mnafu kama upo. Parachichi la Uru halihitaji maelezo. Baadhi ya wapishi huandaa wali na tambi wakidhani ndicho mgeni anachotaka, kwa hiyo agizeni asubuhi wakati wa kujiandikisha: ndizi haziivi kwa dakika kumi.

Utaletewa mbege pia, ukitaka. Inatengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichachuke, ikaongezwa uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewe kwa uchungu. Ni nzito, ina uchachu, na inashibisha. Nusu kata inatosha kwa anayejaribu mara ya kwanza, na dereva asiiguse.

9. Kahawa: usiiharakishe hatua hii

Hapa tenga saa moja na nusu, hata mbili. Kahawa ya arabika iliingia Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19 kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki wa Kilema. Wachaga wakaichukua ikawa yao, wakaunda KNCU, ushirika wao wa kuuza kahawa, mwaka 1933, na kwa miongo mingi ndiyo iliyolipa ada za shule na kuezeka mabati. Nyumba nyingi za hapa hata hivyo zilikunywa chai. Kahawa ilikuwa ya kuuza. Bei iliposhuka, wengi waling'oa mibuni wakapanda vingine. Familia inayokukaribisha leo imebakiza yake, na mgeni anayelipa kuitwanga ni sababu mojawapo ya kuibakiza.

Anza mtini. Tunda lililoiva ni jekundu zito na linaachia tawi bila kulazimishwa. Likiwa na kijani, liache. Libonyeze: punje mbili zinateleza nje, zimefunikwa ute. Weka moja mdomoni uinyonye. Ni tamu, na haifanani hata kidogo na kahawa unayoijua.

Halafu mashine ya kumenya, ya chuma, yenye mkono wa kuzungusha. Mmoja anamimina matunda na maji kidogo, mwenzake anazungusha, na maganda mekundu yanatoka upande wake na punje upande wake. Katika kazi halisi punje hizo huachwa siku moja hadi mbili mpaka ute uachie, zikaoshwa, zikaanikwa juu ya kichanja wiki moja au mbili kutegemea jua. Wewe huna siku hizo, kwa hiyo mwenyeji atakuletea zilizokwisha kukauka. Zishike zote mbili, mbichi mkono mmoja na kavu mkono mwingine, usikie tofauti ya uzito.

Sasa kinu. Zile kavu zina ganda jembamba la rangi ya majani makavu, na kazi ni kulivua bila kuvunja punje. Usiponde kwa nguvu. Angusha mchi kwa uzito wake wenyewe. Mkiwa wawili mnapokezana, na wenyeji wataanzisha wimbo. Wageni hudhani wimbo ni wa kuwaburudisha, lakini ndio unaoweka mapigo, ili michi miwili isigongane kinuni. Itikia. Baada ya hapo ni ungo na kupepeta, na hapa mwanamke aliyekulia kwa mama anayepepeta mchele anaweza kumpokea mwenyeji ungo na kuendelea yeye.

Kukaanga ndiko kunakotaka macho. Chungu juu ya mafiga, kuni kavu, moto wa wastani, na mwiko usisimame. Kwanza punje zinakuwa za njano na harufu ni ya majani yaliyochemshwa. Zinakwenda kahawia, moshi mwembamba unaanza, halafu ghafla zinapasuka moja moja kama bisi. Kuanzia hapo kila nusu dakika inabadilisha ladha. Wenyeji wengi huendelea hadi ziwe nyeusi zenye mafuta, kwa kuwa ndivyo wageni wengi wanavyoagiza. Omba chungu chenu kitolewe mapema, mlio ukianza kupungua na rangi ikiwa kahawia ya kukolea. Hapo utaonja uchachu mzuri na utamu wa kahawa ya mlimani, vitu ambavyo moto mkali unaviua. Mkiwa wengi, fanyeni vyungu viwili mlinganishe.

Punje zinapozwa kwenye ungo, zinatwangwa tena hadi unga, unachekechwa, unachemshwa kwenye maji. Subiri unga utulie chini kabla ya kumimina. Kikombe cha kwanza unywe bila sukari. Mtu wa pwani aliyezoea kahawa chungu ya barazani na kashata hatapata shida. Mwingine anaweza kuongeza sukari kwenye kikombe cha pili.

10. Malipo, zawadi na kurudi

Bakshishi mpe mhusika mkononi: mwongoza wageni, mpishi, na aliyekutwangia. Wapige picha wale waliokubali, na ukiahidi kuwatumia, tuma.

Nunua kahawa yako hapohapo kwa familia. Bei itakuwa juu ya ile anayopata mkulima akiiuza kama punje kavu, na hiyo ndiyo maana ya kuinunua hapo. Uliza imekaangwa lini na uchague iliyokaangwa wiki hiyo. Kama nyumbani una kinu au mashine ya kusagia, chukua ya punje, si ya unga, maana unga hupoteza harufu ndani ya siku chache. Waliokuja kwa daladala wawe barabarani nusu saa kabla ya gari la mwisho, na waliokuja kwa teksi washuke kabla ya giza, kwa sababu ya ukungu kwenye kona.

Ukifika kwako, iweke kwenye chombo kinachofunga vizuri, mbali na jua, na si kwenye friji, kwani inavuta unyevu na harufu za vyakula. Kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe, maji yaliyochemka na kupumzishwa dakika moja, funika dakika nne, chuja.